Ukitoka gereji kwenda hanga: kuhusu kubadilisha rangi za ndege

Vijana wanaopuliza magari pale Gerezani na Ilala huniuliza swali moja: kupiga rangi ndege kuna ugumu gani, wakati mtu bodi ya Noah anaiacha inang'aa kama mpya? Kupuliza mnajua, sibishi. Msichokijua ni kuitoa rangi ya zamani, na huko ndiko muda mwingi unakoishia. Ndege ya saizi ya kati hukaa hanga, yaani banda la matengenezo ya ndege, wiki moja hadi mbili ikibadilishiwa rangi za shirika, na katika siku hizo zote mashine ya kupulizia inashikwa kwa muda mfupi tu.

Wazo la kupaka juu ya rangi iliyopo, kama zinavyofanyiwa daladala, liacheni getini. Rangi ina uzito. Kwenye ndege kubwa kama Boeing 747 ni kilo mamia, na tabaka la zamani likibaki chini ya jipya, linabebwa kwa mafuta kila safari. Tena rangi nene hupasuka, maana mwili wa ndege hutanuka na kusinyaa kila inapopanda na kushuka.

Mgeni akifika hupewa tepu na nailoni, akaambiwa afunike. Wengi hununa, wanaona ni kazi ya kibarua. Mimi naona hapo ndipo unapomjua fundi. Madirisha ya abiria ni plastiki, dawa ya kutolea rangi ikiyagusa yanapata vinyufa. Maungio ya mabati yana gundi inayozuia hewa na maji, nayo dawa inaila, kwa hiyo yanazibwa kwa tepu ya alumini. Matairi na breki, vivyo hivyo. Halafu kuna vitundu vidogo ubavuni vya kupimia mgandamizo wa hewa. Hivyo viogope. Oktoba 2, 1996, Boeing 757 ya Aeroperú iliruka usiku kutoka Lima baada ya kuoshwa, tepu ikiwa bado imeziba vitundu hivyo. Marubani hawakuwa na kipimo cha kimo wala cha mwendo cha kuaminika. Ndege iliangukia baharini, watu wote 70 wakafa. Kwa hiyo kifuniko cha hapo kiwe cha rangi kali inayoonekana kwa mbali, kiandikwe kwenye orodha, na anayekitoa atie saini.

Sasa dawa yenyewe. Za zamani zilikuwa na methilini kloridi, zinafanya kazi haraka lakini zinamdhuru anayezivuta. Siku hizi hanga nyingi zinatumia za alkoholi ya benzili, ambazo zinataka subira. Unapaka, unaacha saa kadhaa, rangi inavimba na kujikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka, kisha unaisukuma kwa mpira au kikwangulio cha plastiki. Cha chuma usikiguse, hata msimamizi akiwa hayupo. Mkwaruzo mmoja kwenye bati la ndege ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia, kwa sababu bati hilo linavutwa kila ndege inapojazwa hewa ikiwa juu. Tena alumini hiyo mara nyingi ina utando mwembamba wa alumini safi unaoizuia isilike. Ukiukwangua, kwa upepo huu wetu wenye chumvi ya bahari, umeialika kutu ndani.

Na usidhani ndege zote zinatolewa rangi kwa njia moja. Angalia hizi za Air Tanzania: mwili wa Airbus A220 kwa sehemu kubwa ni wa alumini lakini mabawa yake ni ya nyuzi za kaboni, wakati Boeing 787 ni kaboni mwili na mabawa. Dawa inayofaa kwenye bati inaweza kuila gundi inayoshika nyuzi hizo. Hapo unarudi kwenye msasa wa mashine, taratibu, ukisimama kabla hujafika kwenye nyuzi. Mkono wa gereji, uliozoea kusaga halafu kuficha kwa puti, hapo unapata shida.

Ndege ikiwa uchi, wanaingia mafundi wa bati kutafuta kutu, nyufa na ribiti zilizolegea. Nafasi hiyo haiji mara nyingi, msiwaharakishe. Kisha inaoshwa na kumwagiwa maji safi: maji yakitandaa bila kukatika kwa takriban nusu dakika, bati ni safi. Yakijikusanya matone matone, kuna mafuta, rudia.

Praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, na rangi ya juu nitazipita haraka, ila mambo mawili. Hadna ya rangi hizi, ile dawa ya kuzikaza, haipatani na unyevu, na masika ya Dar mnayajua, kwa hiyo hanga lisilodhibiti hewa litakupa mapovu. Pia hadna hiyo ina isosayanati, inayoweza kukuachia pumu ya maisha, na harufu yake huisikii mpaka umeshavuta ya kutosha kukudhuru. Kitambaa puani hakisaidii kitu. Vaa barakoa ya kuletewa hewa kwa bomba, na ndevu zinyoe ili ikae vizuri.

Michoro na herufi za usajili, zile zinazoanza na 5H, huja mwishoni. Baada ya hapo vibao vinavyosogea vya mabawa na mkia, vile vya kuongozea ndege, hupimwa upya mizani yake, maana rangi ikizidi upande mmoja vinaweza kuanza kutetemeka angani.

Anayetaka njia rasmi, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) pale Mabibo wanafundisha matengenezo ya ndege. Ila jueni fundi rangi haruhusu ndege iruke. Anayetia saini ni injinia mwenye leseni, naye atadai kumbukumbu za kila kopo: namba ya bechi, saa ya kuchanganya, joto na unyevu wa siku ile. Hilo daftari mnaweza kulianza hata leo, hapohapo gereji.