Nguzo fupi haimzuii manseba

SWALI: Baba Fundi, jambo. Kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, tuna kiwanja kidogo chenye miembe minne. Watoto wanachezea pale mpira, sisi wamama tunaketi kivulini jioni. Tangu mvua ilipoharibu barabara ya juu, wamanseba, wale wa pikipiki za kubeba watu, wanakatia katikati ya kiwanja na abiria wao. Jumapili vijana nao wanakuja kujifunza kuendesha. Mwezi uliopita mjukuu wangu aligongwa mguu. Tulichanga pesa, tukasimika nguzo tatu za chuma mlangoni, zinanifika kiunoni. Wanapita tu! Sasa vijana wa avenyu wanataka kufunga waya kati ya miembe usiku. Mimi naogopa. Tufanye nini?
Kambo wa wajukuu sita, Katuba

JIBU: Kambo, pole sana kwa mguu wa mtoto. Naanza na waya, maana ndio ulioninyima usingizi tangu barua yako ifike. Waambie vijana wasiufunge, leo wala siku nyingine. Waya mwembamba hauonekani hata mchana, sembuse usiku bila umeme. Mwenye pikipiki anaupokea shingoni. Na anayepita usiku si manseba peke yake. Kuna baba anayesukuma baiskeli ya makaa kabla ya alfajiri, kuna muuguzi anayetoka zamu. Mtu akifa pale, vijana wenu ndio watakuwa wamemuua. Kama umeshafungwa, ukatwe kabla jua halijazama.

Sasa tuje kwenye nguzo. Kabla ya kuandika nilitoka na mita, nikapima pikipiki tatu zilizokuwa zinangoja abiria mbele ya atelye yangu. Usukani, ncha hadi ncha, ni kati ya sentimita 75 na 80. Kutoka chini hadi usukani ni kama mita moja. Chini ya hapo pikipiki ni nyembamba kuliko unavyodhani, na vikanyagio vinakunjika. Nguzo zako zinafika kiunoni, kwa hiyo usukani unapita juu yake bila kugusa kitu. Mmezuia gari, na gari halikuwa shida yenu.

Chuma cha kumzuia manseba lazima kifike juu ya usukani, na kibane huko juu, si chini. Uingereza, kwenye njia za miguu za bustani zao, wanaweka fremu mbili zinazoinamiana kama herufi A: chini pana, kigari cha mgonjwa kipite, juu pembamba, usukani ukwame. Fundi yeyote wa Katuba anayechomelea milango anaweza kuzitengeneza. Miguu yake izikwe ndani ya betoni, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukilowa haushiki kitu.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Zamani nilichomelea mlango mwembamba kwenye uwanja wa kanisa moja, komini ya Kenya, hapa hapa mjini. Niliupima kwa pikipiki tu. Jumapili ya kwanza akafika mama mwenye ile baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Haikupita. Ibada yote aliisikilizia nje ya ukuta, juani. Jumatatu asubuhi nilirudi na diski nikaukata mlango wangu mwenyewe, na uso wa mama yule ninauona hadi leo. Hata Uingereza wamejifunza hivyo hivyo: mwaka 2018 shirika la Sustrans lilihesabu vizuizi zaidi ya 16,000 kwenye mtandao wake wa njia za baiskeli, likaanza kazi ya kuviondoa au kuvibadilisha, kwa kuwa vilikuwa vinawafungia nje walemavu. Kwa hiyo kando ya fremu wekeni lango pana lenye kufuli. Ufunguo akae nao mama anayeuza karibu na mlango kutwa nzima, si shefu wa avenyu ambaye hapatikani.

Halafu kuna ile barabara. Manseba hakatii kiwanjani kwa kuwachukia, anakimbia shimo. Shimo likibaki, atatafuta uchochoro mwingine, labda mbele ya mlango wako. Nendeni mkaongee nao pale wanapopaki, mwombeni kiongozi wao alete watu siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Mchimbe kwanza mfereji wa maji pembeni, ndipo mjaze shimo kwa mawe na vipande vya matofali ya kuchoma, udongo uje juu mwisho. Udongo peke yake utaondoka na mvua moja.

Wanaojifunza Jumapili, hao sina huruma nao. Wengine watakushauri uwape saa yao. Mimi sikubali. Anayejifunza akishtuka, mwili unarudi nyuma na mkono unakaza gesi badala ya kuiachia. Pikipiki inaruka mbele, na mbele kuna mtoto anayefuata mpira. Anayewafundisha ni mtu mzima, ana pikipiki yake na ana jina. Mwende wamama wengi kwake nyumbani, siku ya kazi, mkiwa na mtoto aliyeumia, mumweleze mbele ya mke wake.

Nguzo zenu tatu msizitupe, zinafaa kwa miguu ya fremu. Ila kabla hamjachimba, mtafuteni jirani mwenye baiskeli ya mikono, aje nayo mlangoni, na upana wa lango uanzie kwake.