Ukipiga filamu ya muuaji, anza na mlango wa jirani

Usiku wa pili wa kupiga picha, Mikindani, tulizungukwa na watu wenye tochi na marungu. Kijana aliyecheza muuaji alikuwa ametoka nje kupunga upepo, shati limelowa damu ya bandia, kisu bado kiko mkononi. Bibi mmoja wa nyumba ya pili akamwona, akapiga ukelele: "Mumiani!" Waliokulia pwani hii wanalijua neno hilo, la muuaji anayesemekana kunyonya watu damu, na wanajua linavyotoa watu ndani.

Kibali kilikuwa mfukoni mwangu, lakini anayekuja mbio gizani na rungu hasomi barua. Aliyetuokoa ni mwenyekiti wa mtaa, ambaye nilikuwa nimepita kwake asubuhi. Alisimama katikati yetu akasema, "Jamani, hawa ni watoto wetu, wanaigiza sinema." Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka, maana yule kijana angeweza kuumizwa kwa uzembe wangu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu kamera. Kibali cha Bodi ya Filamu ni lazima, na filamu ikiisha inarudi huko kukaguliwa na kupangiwa daraja la umri. Hayo ya ofisini utaelekezwa. Ya mtaani fanya mwenyewe: pita nyumba kwa nyumba, toa taarifa polisi, waonyeshe watu kisu kabla hawajakiona usiku. Chetu tulikichonga kwenye soli ya kandambili, tukakipaka rangi ya fedha. Kesho yake tulimwendea yule bibi, tukamwamkia, tukamwomba radhi, tukampa kisu akikunje mwenyewe. Akachovya kidole kwenye damu, akaonja. "Kumbe sukari, wanangu!" Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyewafukuza watoto mlangoni ili tupate utulivu.

Damu yenyewe ni sukari iliyochemshwa na maji mpaka ikawa nzito, rangi nyekundu ya chakula, na kakao kidogo ili isiwe nyekundu ya kung'aa. Inadanganya vizuri, ila inaita sisimizi. Dada aliyecheza maiti alilala chini ya mkorosho dakika chache tu akaanza kung'atwa. Tandika turubai, funika mpaka dakika ya kupiga, na weka ndoo ya maji karibu. Nguo nazo usinunue mitumba, kwa sababu hutapata mashati matatu yanayofanana, na shati likishalowa huwezi kurudia picha nalo. Sisi tulinunua mashati meupe ya sare za shule. Hayatofautiani hata kidogo.

Nilianza nikiamini damu ndiyo inayotisha. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alipotengeneza Psycho, filamu ya mwaka 1960 isiyo na rangi, damu aliyotumia ilikuwa sharubati ya chokoleti, na tukio fupi la mauaji ya bafuni lilichukua siku 7 kupigwa. Kazi kubwa ilikuwa kwenye vipande vifupi vifupi na sauti. Sauti ya kisu ilitokana na kuchoma tikiti. Na sisi tulichoma tikiti la sokoni, na kwa mifupa tukavunja muhogo mbichi karibu na kinasa sauti. Jaribu kuuvunja umefumba macho, utaelewa. Rekodi sauti hizi ndani, milango imefungwa. Upepo wa kusi ukiingia kwenye kinasa sauti, hakuna programu itakayokurudishia ulichopoteza.

Kilichoibeba filamu yetu hakikuwa na tone la damu. Muuaji wa mfululizo anatisha kwa kurudia, basi tukampa tabia moja: kila anapoua, anageuza kandambili za marehemu zielekee ndani ya nyumba. Mara ya kwanza tulizionyesha kwa kupitia tu, na wengi hawakuzitilia maanani. Mara ya pili tulizikazia kidogo. Ya tatu hatukuonyesha mauaji kabisa, tulionyesha mlango, kanga ikipepea kambani, na zile kandambili. Tafuta alama kama hiyo mapema, ungali unaandika mswada. Ukiipata kwenye uhariri umechelewa, kwa sababu matukio ya mwanzo utakuwa umeshayapiga bila alama hiyo.

Na mtunze anayecheza muuaji. Wetu alianza kukwepwa na watoto sokoni, akawa mnyonge, na hakuniambia mapema. Tukaweka utaratibu: picha za siku zikiisha ananawa, anabadili nguo, tunakula wote sinia moja, na tunamwita kwa jina lake, siyo jina la kwenye filamu. Ningefanya hivyo tangu siku ya kwanza.

Filamu ilipokamilika na kupata daraja, tuliionyesha kwanza pale mtaani, watoto wakiwa wamekwenda kulala, kwenye baraza la yule bibi, kwa shuka jeupe na projekta ya kuazima. Kandambili zilipotokea mara ya tatu, bibi aliinuka bila kusema neno, akaenda mlangoni kuangalia za kwake.