Usipige namba hiyo, na ujumbe wenyewe usiusambaze

Dada, pole kwa hofu. Umeuliza kama ujumbe wa WhatsApp aliokutumia mama mkwe ni wa kweli: kwamba ukipokea simu inayoanza na +375, +371 au +255, matapeli watanakili majina yote kwenye simu yako na taarifa za benki ndani ya sekunde 3.

Utapeli wenyewe upo. Simu inaita mara moja, inakatika, nawe unapiga kuuliza ni nani. Hapo unaangukia laini ya nje yenye gharama kubwa, na tapeli anapata mgawo wake kwa kila dakika. Ndiyo maana wengine huweka muziki, au mlio kama simu bado inaita, ili usikate upesi. Kinacholiwa ni salio lako. Kupokea au kupiga tu hakumpi mtu majina wala akaunti yako. Huo ni uzushi uliopachikwa juu ya jambo la kweli.

Halafu tazama hizo namba. +375 ni Belarusi, +371 ni Latvia, lakini +255 ni Tanzania, sisi wenyewe! Onyo lisilo na tarehe wala chanzo, linalokuhimiza "tuma kwa wote", nakili sentensi yake moja uitafute Google kabla ya kulituma.

Kama huna mtu unayemjua Belarusi, izuie namba hiyo. Nguvu zako ziweke kwa matapeli wa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii": hao waripoti TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kupitia 15040.