Fungua tarehe ya leo

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema kile kijitabu cha tafakari ulichoondoka nacho kimelala siku kumi na moja bila kufunguliwa, na sasa unaona aibu hata kukigusa. Unauliza uanzie pale ulipoachia au urukie ya leo. Tena unauliza, kwani Biblia yenyewe haitoshi?

Fungua tarehe ya leo. Hizo kumi na moja ziache. Kijitabu si daftari la mahudhurio, na ukitaka kuzifidia zote asubuhi moja utasoma mbiombio, usishike hata neno moja.

Swali la pili ndilo lililonikalisha kitako. Biblia inatosha, mwanangu. Shida iko kwetu: tukiachiwa kuchagua, tunarudi kila mara kwenye kurasa zinazotubembeleza. Mimi ningekaa Zaburi ya 23 mwaka mzima. Kijitabu kinaniwekea mezani neno ambalo sikulitafuta.

Unakumbuka nilivyokosana na mama yako mdogo baada ya msiba wa bibi? Asubuhi moja nikafungua, nikakuta Waefeso 4:26, kwamba jua lisichwe tukiwa bado na uchungu. Nilikifunga. Nikaenda kuosha vyombo, nikarudi, neno liko palepale. Jioni nikampigia simu. Hatukuyamaliza siku ile, wala mwezi ule, lakini tulianza kusemezana. Neno hilo nisingelichagua mwenyewe hata kidogo.

Usije ukakigeuza ramli, ukakifungua kutafuta jibu la kuhama kazi au la kuoa. Siku nyingi neno litapita kimya, nawe utaenda zako. Hizo nazo ni siku njema.

Desturi hii Walutheri tumeipokea kwa ndugu zetu Wamoravian. Tarehe 3 Mei 1728, kule Herrnhut, Ujerumani, kiongozi wao Zinzendorf aliwapa washirika neno moja la kushika siku iliyofuata, na kukawa na watu wa kulipeleka nyumba kwa nyumba. Kitabu cha kwanza cha maneno ya mwaka mzima kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Hadi leo aya za Agano la Kale hupatikana kwa kura, miaka kadhaa kabla, kisha hutafutwa ya Agano Jipya ya kwenda nayo. Aliyeiokota kura hiyo hakujua utaamka na nini moyoni. Hilo hunituliza sana.

Luther mwenyewe aliwajua watu wenye kazi zao. Katika Katekisimo Ndogo, kijitabu chake cha mafundisho cha 1529, utaratibu wake wa asubuhi ni mfupi: ishara ya msalaba, kukiri Imani, Baba Yetu, sala fupi, kisha nenda kazini kwa furaha. Usiku vivyo hivyo, halafu ulale upesi. Na mwaka 1535 alimwandikia Peter, kinyozi wake, namna ya kusali. Akamwambia kinyozi mwema hukaza macho na mawazo kwenye wembe na nywele. Akipiga soga huku akitazama kwingine, atamkata mtu pua au hata koo. Basi na sala inataka moyo mzima, hata kama ni fupi. Akamwonyesha kulipitia kila neno mara nne: linanifundisha nini, nishukuru nini, nitubu nini, niombe nini.

Hayo manne ndiyo ninayoyafanya mimi. Aya naisoma kwa sauti, kisha naitafuta kwenye Biblia nisome sura yake yote, maana aya iliyong'olewa peke yake huweza kusemeshwa isichosema. Maelezo ya mwandishi nayasoma mwisho. Mengine hunijenga, mengine huniacha vilevile, na sijilazimishi. Neno ni la Mungu. Maelezo ni ya mchungaji aliyejitahidi. Ukibanwa kabisa, acha maelezo, usiache aya.

Simu yako iweke chumba kingine kwanza. Kesho ukishasoma, nitumie hilo neno moja lililokushika, nami nitakutumia langu. Tarehe ni ileile, kwako na kwangu.

Mama yako