Maswali ya Wasomaji: Shamba la Kustaafia, Tangi Linalokauka na Mchwa wa Kenchi

Nastaafu Juni mwakani. Nimeonyeshwa ekari 5 zinazopakana na mto wilayani Mvomero. Muuzaji amezipima kwa hatua, anasema tukiandikishana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji yatosha, na anataka fedha kabla ya masika. Nifanyeje? – Mtumishi, Morogoro

Usilipe kabla ya masika, ndugu yetu. Masika ndiyo itakayokuonyesha unachonunua. Nenda Aprili mvua ikiwa imekolea, uone mto unafika wapi na kama gari linaweza kutoka shambani hadi barabara ya lami. Ukiwa na miaka 70 na presha ikapanda usiku, njia hiyo ndiyo itakayoamua kama utafika hospitali. Rudi tena Oktoba, uone kama mtoni kuna maji au umebaki mchanga. Hata kiangazi mafuriko huacha alama: angalia majani makavu na takataka zilizonasa kwenye matawi ya miti ya kando ya mto. Zikiwa usawa wa kifua chako, maji yalifika hapo.

Sasa hesabu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ekari 5 zikiwa za mraba, kila upande una takriban mita 142. Zidisha 142 kwa 60, unapata mita za mraba 8,520, yaani ekari 2 na ushee ambazo huruhusiwi kujenga nyumba wala banda. Unaombwa bei ya ekari 5 kwa ardhi ambayo ekari kama 3 tu ndizo zako kwa raha.

Na hizo 5 huenda si 5. Ekari ya hatua 70 kwa 70 inategemea hatua ndefu, ya sentimita 91 hivi, ndipo unapata mita 64 kwa 64. Aliyepima akitembea mwendo wa kawaida, hatua yake ni kama sentimita 75. Hatua 70 zinakuwa mita 52 na nusu, na eneo linakuwa mita za mraba 2,756 badala ya 4,047. Karibu theluthi ya kila ekari imepotea, wala huenda muuzaji hakukusudia kukuibia. Nenda na futi kamba ya mita 50, ukiwa na majirani wote wa mipakani, na kila kona mchimbie jiwe au mpande mnyaa mbele yao.

Kuhusu maandishi: kama ardhi ni ya kijiji, mwenyekiti wa kitongoji ni shahidi mzuri lakini hana mamlaka ya kukuidhinishia. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Mwone mtendaji wa kijiji, omba suala liingie kwenye kikao, kisha upewe nakala ya muhtasari yenye sahihi na muhuri. Hakikisha mke au mume wa muuzaji amekubali kwa maandishi, na watoto wakubwa pia kama shamba ni la urithi. Mengi ya mashamba yanayodaiwa upya huanzia kwa ndugu ambaye hakuwepo siku ya kuuza. Baada ya hapo, omba hati ya hakimiliki ya kimila.

Jambo la mwisho, na kwa Mvomero si dogo: waulize wakulima wa hapo mifugo hupita wapi kiangazi. Shamba lililo kwenye njia ya ng'ombe kuelekea maji utalilinda usiku na mchana, na hiyo si kazi ya mstaafu.

Shikamooni. Tuko wawili, mimi na mzee, huku Kongwa. Nyumba ni mita 9 kwa 12, tuna tangi la lita 5,000 la kuvuna mvua. Kila mwaka likijaa Aprili, mwanzoni mwa Julai limekauka. Linavuja? – Mama mstaafu, Dodoma

Marahaba, mama. Halivuji. Watu wawili wakitumia lita 40 kila mmoja ni lita 80 kwa siku. Gawa 5,000 kwa 80, unapata siku 62. Kuanzia mwisho wa Aprili, siku 62 zinaangukia mwanzoni mwa Julai, kama ulivyosema.

Paa lako lina uwezo mkubwa kuliko tangi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Eneo linalohesabiwa ni la chini linalofunikwa na paa. Mteremko wa bati hauhusiki. Kwako ni mita za mraba 108. Mwaka wenye milimita 550 unakupa lita 59,400. Ondoa sehemu ya tano inayorukia nje au kutupwa, zinabaki kama 47,500. Kutoka mwisho wa Aprili hadi mvua za Desemba ni siku 220 hivi, kwa hiyo mnahitaji lita 17,600. Matangi mawili ya lita 10,000 yanawatosha, wajukuu wakija msimu wa likizo muwe na akiba kidogo.

Kama fedha hazipo mwaka huu, tangi hilohilo liwe la kunywa na kupikia tu. Lita 10 kwa mtu kwa siku zinawafikisha Desemba. Kufua na kuku vitegemee maji ya bomba la kijiji.

Mtakapoongeza tangi, msifanye haraka kwenye jukwaa. Lita 10,000 ni tani 10. Jengeni msingi wa mawe, juu yake zege la sentimita 15, pana kuliko kitako cha tangi kwa sentimita 15 pande zote. Fagieni mpaka isibaki kokoto hata moja. Tangi la plastiki huanza kupasuka palepale kitako kilipokalia jiwe au kilipotokeza nje ya ukingo, na ufa huo hauzibiki vizuri.

Gata, yaani mfereji unaopokea maji ukingoni mwa paa, iteremke sentimita moja kila mita, na vishikizo vyake visipishane zaidi ya sentimita 90. Vikiachwa mita mbili, gata hulegea katikati, maji hutuama na mbu huzaliana. Maji ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege yatupwe, nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani lita 54 kwenu. Bomba la inchi 4 ambalo mafundi wengi hufunga kuyanasa maji hayo kabla ya tangi hubeba lita 8 tu kila mita. Fungeni la inchi 6 lenye urefu wa mita 3, na koki chini ya kulimwaga kila mvua ikikatika. Koki ikisahaulika bomba hubaki limejaa, na mvua inayofuata huingiza uchafu wote tangini.

Nyumba yangu ya kijijini ilikaa imefungwa miaka miwili. Sasa mchwa wamepanda hadi kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Fundi anasema nipake oili chafu. – Mwalimu mstaafu, Muheza

Mwalimu, oili chafu hukaa juu ya ubao, mchwa hula ndani. Pia ikinyeshewa huchafua udongo na kisima. Anza kwa kugonga kila ubao kwa mpini wa nyundo: unaolia kama debe tupu umeliwa. Choma kwa bisibisi; ikizama bila nguvu, badilisha ubao huo.

Kisha tafuta vijia vya udongo kwenye kuta na ndani ya nyufa za msingi. Vibomoe vyote. Baada ya siku tatu, vilivyojengwa upya vitakuonyesha wanakopitia. Chimba mfereji kuzunguka nyumba, upana sentimita 15, kina 30, ukigusa msingi. Changanya dawa ya mchwa kama lebo inavyosema, mimina lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita, na udongo unaorudisha uunyunyizie pia. Nyumba ya mzunguko wa mita 40 inakula lita 200. Watu wengi humimina ndoo mbili tatu, halafu husema dawa ni feki. Vaa glavu na barakoa, na karibu na kisima usiweke kabisa.

Ondoa kuni na mbao zinazoegemea ukuta. Hapo ndipo wanapoanzia.

Mume wangu anataka vyumba 6 ili watoto wote walale Krismasi. Mnasemaje? – Mama, Njombe

Vitatu, mama. Watoto watalala hata sebuleni kwa siku nne. Bati, rangi na usafi wa vyumba 6 mtavibeba nyinyi siku zote zilizobaki. Fedha itakayookoka inunue bati la geji 28 badala ya 30, maana namba ikipungua bati huwa nene. Choo kiwe ndani, cha kukaa, chenye mlango wa sentimita 90 unaofungukia nje: mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, hakuna atakayeweza kuusukuma kumfikia.