Mipako ya injini za ndege: uliza itabanduka kwa nini

Wahandisi vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii huanza na swali lile lile: mipako yenu inastahimili nyuzi ngapi? Ni swali zuri la kuombea fedha za utafiti. Ndani ya maabara, swali hilo linakufikisha karibu tu. Uliza itabanduka kwa sababu gani, na itaanzia wapi.

Gesi inayoyapiga mapanga ya turbaini hupita nyuzi 1,500 za Selsiasi, na aloi ya nikeli, metali ya mapanga yenyewe, huanza kuyeyuka karibu na 1,300. Mapanga hupona kwa hewa inayopoza kutokea ndani, pamoja na koti la seramiki iitwayo zirkonia, iliyochanganywa na itria (oksidi ya itriamu) ya asilimia 7 au 8, nene kama robo milimita au pungufu. Chini ya koti hilo kuna tabaka la kushikizia lenye alumini, na juu ya tabaka hilo huota ngozi ya alumina, yaani oksidi ya alumini. Ngozi hiyo ndiyo mlinzi, na ndiyo muuaji pia. Inazidi kunenepa, na kila injini inapopoa metali husinyaa kuliko seramiki iliyolalia juu yake. Mikromita chache tu zinatosha mshiko kuanza kuachia.

Kwa hiyo usiridhike na sampuli iliyokaa tanurini mfululizo. Ipashe, ipoze, ipashe tena. Ndege nayo hupaa na kutua. Wala usikimbilie kuandika "imefaulu". Nimewahi kutoa sampuli jioni ikiwa nzima kabisa, nikaiacha mezani, asubuhi koti limeachia lote kama ganda la yai la kuchemsha. Hakuna aliyeigusa. Ni unyevu wa hewa, uliopenya hadi alumina inapokutana na metali na kumalizia mshiko uliokwisha choka. Siku hizi sampuli ikishapoa naidondoshea tone la maji makusudi. Kama ni kufa, ife nikiiona.

Vumbi nalo lisikupite. Mchanga na majivu ya volkano huyeyuka kwenye nyuzi kama 1,200, hunywewa na vitundu vya zirkonia, kisha hugandia humo na koti likawa gumu lisilonyumbuka. Ukipima koti safi tu, hujaipima injini inayoruka kila siku kutoka miji ya Ghuba.

Wengi sasa wanavutwa na kompositi za silikoni kabaidi (seramiki iliyoimarishwa kwa nyuzinyuzi), ambazo injini ya LEAP ya ndege za abiria ilianza kuruka nazo kibiashara mwaka 2016. Ni nyepesi na zinavumilia joto, sikatai. Ila mvuke unaotokana na kuungua kwa mafuta huila silika, ile oksidi inayoota juu yake, ikatoweka kama gesi, kwa hiyo nazo zinadai koti, na maswali ni yale yale.

La mwisho ni la msumeno. Kabla ya kukata sampuli ili kuikagua ndani, imwagie epoksi (gundi ya majimaji inayogeuka ngumu) ndani ya chombo cha ombwe, yaani kilichonyonywa hewa, iingie kwenye kila ufa, uiache ikauke. Usipofanya hivyo msumeno ndio utakaobandua koti, nawe utalilaumu tanuri bure.