Anza na aya moja: kwa mwalimu mpya wa Kiswahili anayefundisha insha

Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika shule ya kata iliyo nje kidogo ya mji wa Dodoma, niliingia kidato cha pili, nikachukua chaki na kuandika ubaoni maneno matatu: Utangulizi, Kiini, Hitimisho. Nikayaeleza kama nilivyoelezwa mimi nilipokuwa mwanafunzi. Nikatoa mada, "Umuhimu wa kutunza mazingira", na kipindi kilipokwisha nikabeba madaftari zaidi ya 90 hadi ofisini.

Karibu nusu ya darasa walikuwa wameandika UTANGULIZI kwa herufi kubwa, wakapiga mstari chini yake, wakaweka sentensi moja. Halafu KIINI, mstari, na sentensi nane zilizofuatana bila kupumua. Halafu HITIMISHO: "Kwa hiyo mazingira ni muhimu." Nilikasirika, nikawagombeza kesho yake. Ilinichukua muda kukubali kwamba walifanya kile kile nilichowafundisha. Niliwapa majina ya sehemu za insha. Namna ya kujenga hata aya moja sikuwa nimewaonyesha.

Wewe uliyepangiwa shule mwaka huu, nakushauri uyaache maneno hayo matatu kwa wiki tatu za mwanzo. Anza na aya moja ya katikati.

Wazo hili sikulitoa chuoni. Alinipa kijana mmoja wa darasa lile lile, ambaye katika insha hakuwahi kuvuka mistari sita. Alikuja ofisini siku ya Jumatano, akasimama mlangoni mikono nyuma. "Shikamoo mwalimu. Naomba ruhusa ya siku mbili. Mtama wetu umeanza kukomaa na nyumbani hakuna wa kuamia ndege. Baba yuko Kibaigwa kwenye kibarua cha kupakia magunia, mama yuko hospitali na mtoto. Juzi kwelea walishuka kwa jirani, jioni hapakuwa na cha kuvuna. Jumatatu nitakuwa darasani, na notisi nitanakili kwa mwenzangu wa dawati." Nilimpa ruhusa kabla hajamaliza.

Alipoondoka ndipo nikashtuka. Mtoto huyu alikuwa ametaja shida yake mara moja, akaitolea sababu, akaleta mfano wa jirani niwezao kwenda kuutazama, akamaliza kwa kunijibu swali nililokuwa karibu kumuuliza. Ile ilikuwa aya kamili. Kumbe wanajua kujenga hoja. Wasichojua ni kwamba tunachodai darasani ndicho hicho hicho. Nilimwomba idhini, na wiki iliyofuata nikayaandika maneno yake ubaoni, tukayachambua: hapa ameomba nini? Kwa nini? Ameonyesha vipi? Darasa lilicheka, lakini lilielewa.

Tangu hapo mada yangu ya kwanza haihusu "umuhimu wa" kitu chochote. Huwauliza: Dodoma tulime mtama au mahindi? Hili wana la kusema, maana wamelima wote. Kaa kimya uwasikilize dakika kumi. Wakibishana kwa Kigogo au Kirangi kwenye madawati, waache. Kiswahili kitakuja kwenye kuandika. Wa mahindi watasema ugali wa sembe ni mweupe na mtama unaliwa na ndege. Wa mtama watasema mvua ya huku haiaminiki. Ukiwaambia waandike hapo hapo, utapata sentensi kama hii: "Mtama ni zao zuri kwa sababu unavumilia ukame na pia unafaa kwa chakula na pia unafaa kwa pombe na pia mabua wanakula ng'ombe na pia unauzwa."

Ugonjwa huo mimi nauita "na pia", na dawa yake ni kuhesabu. Iandike sentensi hiyo ubaoni, waulize zimo hoja ngapi. Watahesabu tano. Sasa waambie wachague moja, nne wazifute, na wakae na hiyo moja mpaka ijae mistari mitano. Watalalamika. Mwanafunzi wetu amezoea kuamini kwamba hoja nyingi ni alama nyingi, na anaogopa kubaki na moja. Msukume kwa maswali: unavumiliaje ukame? Uliona wapi? Baada ya majaribio mawili matatu kikundi kimoja kiliniletea hii:

"Mtama huvumilia ukame kuliko mahindi. Mvua ikikatika Februari, mahindi yaliyoanza kutoa mbelewele hunyauka na hayainuki tena, lakini mtama hukunja majani ukasubiri. Mwaka jana shamba letu la mahindi halikutoa hata debe, ila babu aliyepanda mtama ng'ambo ya korongo alipata magunia manne."

Hoja, maelezo, mfano. Sentensi tatu tu. Ukipata aya ya namna hii hata kutoka kwa watoto kumi, umeshafika mbali.

Kwenye mfano kaa muda mrefu zaidi, maana hapo ndipo insha nyingi hufia. Wengi huweka mfano kama mapambo. Binti mmoja, msomaji mzuri, aliandika kwamba kulima mahindi huleta njaa, na mfano wake ukawa Mtunya, ile njaa kubwa iliyowamaliza watu Ugogo kati ya 1917 na 1920, aliyoisikia kwa bibi yake. Mfano mzito, wa nyumbani, na wenzake walipiga makofi. Tatizo ni kwamba wakati ule Wagogo walikuwa walimaji wa mtama na uwele. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yaliyopigana Vita ya Kwanza ya Dunia yalichukua nafaka na ng'ombe, yakachukua na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikagoma. Mfano wake ulikuwa unaipiga ngumi hoja yake mwenyewe! Sikumkata alama. Nilimwomba atafute hoja ambayo Mtunya inaithibitisha kweli, akarudi na hii: ghala likiwa tupu, zao ulilolima halina msaada. Aya hiyo ilikuwa bora kuliko ya kwanza. Kwa hiyo kila mfano wauulize, "Huu unathibitisha nini hasa?" Ni swali dogo, lakini litakuokolea kazi nyingi huko mbele kidato cha tatu na cha nne, wanapotakiwa kutoa mifano kutoka tamthiliya na riwaya walizosoma na wakaanza kusimulia kitabu kizima badala ya kujibu swali.

Aya ikishakaa, ndipo uwaonyeshe hesabu ya insha nzima. Tuseme swali linataka maneno 250 hadi 300. Wanafunzi husikia hivyo wakadhani ni bahari. Wafanye wahesabu maneno ya mstari mmoja wa daftari lao. Wengi huandika maneno nane au tisa. Maneno 275 basi ni mistari thelathini na kidogo. Utangulizi maneno 40, hitimisho 40, katikati zinabaki 195, yaani aya tatu za maneno 65. Niliwahi kuona mtoto akishusha pumzi kabisa aliposikia kwamba anadaiwa aya tatu tu.

Utangulizi uandikwe mwisho. Najua wenzangu wengine ofisini hawakubaliani nami hapa, na katika chumba cha mtihani mwanafunzi hana nafasi ya kuacha pengo juu ya karatasi halafu arudi. Lakini darasani anayo. Mtoto asiyejua bado atasema nini hujaza mwanzo kwa maneno ya kuazima: "Dunia ya leo inakabiliwa na changamoto nyingi..." Akishaandika aya zake tatu, utangulizi unakuwa kazi ya kumwambia msomaji ninazungumzia nini na nimesimama upande gani. Mistari minne. Kwenye mtihani afanye mpango wa hoja tatu nyuma ya karatasi kwanza, matokeo ni yale yale.

Na fasili? Kuna kasumba ya kuanza kila insha kwa kueleza maana ya neno. Katika swali la nadharia ya fasihi au la sarufi, fasili ina mahali pake na mara nyingi inatarajiwa. Katika insha ya mtama na mahindi, "Mtama ni nafaka ndogo ndogo..." ni kumweleza mkulima wa Chamwino kitu kilichomo ghalani mwake.

Hitimisho halinisumbui sana. Ninachokataza ni kuleta hoja mpya pale mwishoni na kuandika "asanteni kwa kunisikiliza", ambayo ni ya hotuba.

Kuhusu kusahihisha: ukijaribu kukamata kila kosa katika madaftari 90, kufikia Aprili utakuwa umechoka na watoto watakuwa wanaangalia alama tu. Chagua kosa moja la wiki. Wiki hii ni "na pia", wiki ijayo ni mifano isiyothibitisha kitu, nyingine ni herufi kubwa. Watangazie mapema. Mengine yaone, uyaache. Na kila wiki soma kwa sauti aya moja nzuri ya mwanafunzi, bila kumtaja kama hapendi, hasa ya yule asiyetarajiwa. Ukiwa na kipindi pacha, nakili insha moja fupi kwenye karatasi, ikate aya kwa aya, wape vikundi wazipange upya. Wakishindwa kuafikiana ipi itangulie, una somo la dakika 40 bila kuandaa kitu kingine.

Yule kijana wa ruhusa alirudi Jumatatu kama alivyoahidi, na daftari la mwenzake mkononi. Mwisho wa muhula aliandika juu ya kuamia ndege: aya tatu, mistari 29, kwelea wakishuka kama wingu kutoka upande wa Bahi. Kichwa cha insha alisahau kukiandika.